Mafundi wa Jumamosi wa Chebunyo

Maziwa hayamsubiri fundi. Katika wadi ya Chebunyo, eneobunge la Chepalungu, Kaunti ya Bomet, ng'ombe hukamwa kabla ya jua kuchomoza, na maziwa yasiyowahi tangi la baridi huanza kuchacha kabla ya adhuhuri. Mbebaji wake ni pikipiki. Ikigoma kuwaka saa kumi na mbili asubuhi, mwenyewe hana muda wa kupiga simu mjini na kumngoja makanika amalize kiamshakinywa. Anachuchumaa, anachomoa waya, anafungua plagi kwa spana, anaigeuza kwenye mwanga na kuisoma.

Msomaji akisikia Bomet huwaza majani chai. Hakosei. Konoin, Bomet Mashariki na sehemu za Sotik ni kijani kitupu, na viwanda kama Kapkoros, Tirgaga na Mogogosiek ndivyo vinavyolisha nyumba nyingi huko juu. Ila ukishuka upande wa Chepalungu kuelekea mpaka wa Narok, chai inakwisha. Mahindi na ng'ombe ndio wanaoshika usukani, punda wanabeba mitungi ya maji, na barabara nyingi za ndani ni za udongo: vumbi Januari, tope Aprili. Vumbi huziba kichujio cha hewa, tope hula cheni, na mashimo huvunja bushi. Chombo kinachodumu miaka miwili mjini, hapa hutafuta spana kabla ya mwaka kwisha.

Ndiyo maana maboma mengi yana mtu wake wa vyuma. Si makanika wa gereji. Huenda akawa mwalimu wa shule ya msingi, karani wa ushirika, mkulima au mzee wa kanisa ambaye siku ya mapumziko huvaa ovaroli yenye madoa ya grisi, akatandika gunia chini ya mti, akaanza kufungua kitu. Halipwi, na mara nyingi hataki kulipwa. Jirani akimletea redio iliyonyamaza au pampu ya dawa inayovuja, huichukua kwa furaha ya mtu aliyeletewa fumbo.

Swali la haraka ni anaokoa pesa ngapi. Ukipiga hesabu ya vifaa, spea zilizonunuliwa mara mbili na saa alizopoteza, huenda zisiwe nyingi. Faida yenyewe iko kwingine. Aliyewahi kufungua injini kwa mikono yake hadanganywi kirahisi. Akienda gereji, anauliza swali ambalo fundi hawezi kulijibu kwa kubabaisha. Ufundi wa nyumbani haumnyang'anyi makanika kazi. Unamnyang'anya nafasi ya kusema uongo.

Plagi haina upendeleo

Shule ya kwanza ya ufundi huu ni pikipiki. Mwaka 2008 serikali iliondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki zenye injini ndogo kuliko cc 250, na tangu hapo Boxer za Bajaj na TVS zimefika hadi vijiji ambavyo matatu haikuwahi kupita. Injini yake ina silinda moja, inapozwa na hewa, na nyingi bado zina kabureta. Mwenye spana namba 10, 12, 14 na 17, bisibisi mbili na koleo anaweza kufikia karibu kila kinachosumbua.

Fundi mzuri wa nyumbani huanza na kisicho na gharama. Petroli imo? Koki imefunguliwa? Swichi ya kuzima injini iko upande gani? Pikipiki nyingi zinazosukumwa hadi gereji huwa zimefungwa koki tu, au mtoto amechezea swichi. Baada ya hapo ndipo plagi hufunguliwa, nayo haina upendeleo kwa yeyote. Ncha yake ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, injini inachoma sawasawa. Ikiwa nyeusi na kavu kwa masizi, petroli inazidi hewa. Na kwa vumbi la Chebunyo, kabla ya kugusa kabureta, tazama kichujio cha hewa. Ncha ya plagi ikiwa nyeupe na imeungua, injini inakunywa hewa nyingi kuliko mafuta, au inapata joto kupita kiasi. Ikiwa nyeusi, imelowa na inang'aa, hiyo ni oili inayopenya kupitia ringi za pistoni au mihuri ya vali, na hapo kazi si ya chini ya mti tena.

Jaribio la cheche nalo ni jepesi. Plagi hurudishwa kwenye waya wake, kiwiliwili chake cha chuma huegemezwa kwenye injini, kisha kiki hupigwa mara moja, petroli ikiwa mbali. Cheche ya buluu yenye mlio ni dalili njema. Cheche ya manjano iliyofifia, au giza tupu, inakuelekeza kwenye plagi yenyewe, waya au koili. Kama cheche ipo na petroli ipo, basi kikombe cha kabureta kifunguliwe chini kimwagwe. Petroli inayouzwa kwa chupa kando ya barabara hubeba maji na uchafu, na tone moja la maji linatosha kuziba jeti.

Cheni ina sheria yake. Ikilegea sana inaruka meno, ikikazwa sana inakula beringi za giaboksi. Katikati ya sproketi mbili inapaswa kupanda na kushuka kwa sentimita mbili hadi tatu hivi unapoisukuma kwa kidole. Wengi huikaza mpaka inalia, wakidhani kukaza ndiko kutengeneza.

Probox na maji yanayochemka mapema

Baada ya pikipiki huja gari, na gari la sehemu hizi mara nyingi ni Probox. Toyota ilianza kuiuza Japani mwaka 2002 kama gari la mizigo midogo ya ofisini. Kenya hairuhusu gari kuukuu lenye umri wa zaidi ya miaka 8 kuingizwa nchini, kwa hiyo hutufikia likiwa limefanya kazi, ila halijachoka. Huku linageuzwa gari la abiria, la kabichi, la magunia ya mahindi, na siku nyingine la ndama. Injini yake, ya lita 1.3 au 1.5, husukuma vali kwa cheni badala ya mkanda wa raba, hivyo haina ile tarehe ya kuogopwa ambayo mkanda ukipita hukatika na kuharibu vali.

Lalamiko la kwanza la gari huwa asubuhi: stata inasema tik, basi. Wengi hukimbilia kununua betri. Mtu wa Jumamosi hufungua boneti na kutazama vichwa vya betri. Akiona unga mweupe au wa kijani, anajua umeme haupiti. Huondoa kwanza waya wa hasi, kisha wa chanya, akavisafisha kwa maji ya moto yenye magadi ya kuokea na brashi kuukuu, akavikausha, akarudisha chanya kwanza na hasi mwisho. Mpangilio huo una maana: hasi ikiwa imetoka, spana ikigusa bodi ya gari kwa bahati mbaya hairushi cheche.

Mita ndogo ya umeme, mojawapo ya vifaa vya bei nafuu katika duka la spea, humaliza ubishi uliobaki. Betri iliyojaa na iliyopumzika husoma karibu volti 12.6. Ikisoma 12 au chini, imekwisha chaji. Injini ikiwaka, usomaji unapaswa kupanda hadi kati ya 13.8 na 14.5 hivi. Usipopanda, betri haina kosa. Alternata ndiyo haichaji. Dakika mbili za kupima zinamwepusha mtu kununua betri mpya ambayo nayo itakufa kabla ya wiki kwisha.

Lalamiko la pili ni joto, na hapa jiografia inaingia ndani ya injini. Pwani, maji huchemka kwa nyuzi 100. Nyanda hizi ziko juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na maji ya wazi huchemka chini kidogo ya nyuzi 95, karibu na joto ambalo injini hufanyia kazi kila siku. Kinachozuia yasichemke ni kifuniko cha radieta. Springi na raba yake hushikilia shinikizo ndani, na kiwango cha kuchemka kinapanda kupita nyuzi 110. Raba hiyo ikipasuka, gari litachemka kwenye mlima mdogo tu hata kama radieta, pampu na feni ni nzima. Watu wamefungua injini nzima kutafuta ugonjwa ambao dawa yake ni kubadilisha kifuniko.

Kuna desturi nyingine iliyoenea: gari likichemka, thamostati inatolewa na kutupwa, kwa hoja kwamba sisi watu wa nchi za joto hatuihitaji. Thamostati haijali hali ya hewa ya nje. Kazi yake ni kuzuia maji yasizunguke kwenye radieta mpaka injini ifikie joto lake, kwa kawaida nyuzi 80 na kitu. Ikiondolewa, injini hukaa baridi kwa muda mrefu, inakunywa petroli zaidi na kulika haraka, hasa asubuhi za Julai ambapo ukungu wa Bomet hauondoki mapema. Aliyeitoa ameficha dalili akauacha ugonjwa.

Pampu, plagi na mkokoteni

Mtu wa vyuma hakomei kwenye gari. Pampu ya dawa ya kubeba mgongoni, ambayo huku hupulizia mahindi na kupe wa ng'ombe, huenda ndicho kifaa kinachofunguliwa mara nyingi kuliko vyote bomani. Ikipoteza nguvu, mara nyingi ni raba ya pistoni iliyokauka, na raba hiyo hukatwa upya kwa mkasi kutoka kwenye tyubu kuukuu ya gurudumu. Ncha ikiziba, huoshwa kwa maji na kuchokolewa kwa unyasi laini. Wapo wanaoipuliza kwa mdomo. Dawa ya kupe ni sumu ya mishipa ya fahamu, na mdomo si kompresa.

Katika maboma mengi kazi ya kutengeneza vitu vidogo ni ya akina mama, kwa sababu wao ndio walio karibu na kifaa kinapoharibika: bomba la tangi linalodondosha maji, mpini wa jembe uliolegea, jiko lililopasuka udongo. Hawaiiti ufundi. Wanasema tu nimeshika ile kitu ikakubali.

Mkokoteni wa punda nao una mwalimu wake. Mingi hutembea kwa ekseli na magurudumu yaliyotolewa kwenye magari yaliyokufa. Beringi iliyostaafu barabara kuu inaanza maisha ya pili ikibeba maji, na inataka kitu kimoja tu: grisi safi kabla haijaanza kupiga kelele. Ikisikika, imekwisha chelewa.

Umeme ulipoongezeka vijijini kupitia mpango wa Last Mile uliozinduliwa mwaka 2015, ulileta darasa jipya. Plagi ya ukutani yenye meno matatu ina waya wa kahawia wa moto, wa buluu wa kurudisha, na wa kijani chenye mistari ya manjano wa ardhini. Ndani yake mna fyuzi. Birika la umeme huhitaji ya ampea 13, redio inatosheka na ya 3. Ukiweka ya 13 kwenye redio kwa sababu ndiyo iliyopatikana dukani, siku redio ikivuta umeme kupita kiasi fyuzi huenda isikatike. Waya ndio utakaoungua. Mambo hayo mtu anaweza kuyashika mwenyewe, kifaa kikiwa kimechomolewa. Mita ni mali ya Kenya Power, na kutandaza nyaya za nyumba ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati. Hapo spana hurudi mfukoni.

Ujuzi ulipotoka

Ujuzi huu haukushuka na mvua. Katika miaka ya 1920 kampuni kama Brooke Bond na James Finlay zilipoanza mashamba makubwa ya chai Kericho, zilihitaji karakana za malori, boila na mashine za viwandani. Mashamba yalichukua ardhi ya watu, na kumbukumbu ya hilo bado ni chungu. Lakini kijana aliyeingia kama kibarua wa kusukuma toroli, akimshikia fundi taa, aliweza kutoka akiwa anajua kusikiliza dizeli.

Kisha ukaja mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985, ulioingiza kazi za mikono katika shule za msingi. Ulilaumiwa kwa mzigo wake na shule nyingi hazikuwa na vifaa. Hata hivyo, kizazi kilicho katika miaka ya 40 na 50 leo kilishika msumeno na randa darasani, na ukiwachunguza watu wa Jumamosi wa vijijini, wengi ni wa rika hilo.

Nchi yenyewe iliwahi kuota ndoto kubwa zaidi. Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kitengeneze gari la Kenya, na mwaka 1990 Nyayo Pioneer ilionyeshwa kwa umma. Yalitengenezwa magari matano ya mfano, na mradi ukafia hapo. Tukashindwa kutengeneza gari letu, tukawa hodari wa kuyaweka hai ya wenzetu.

Uhodari huo umedharauliwa muda mrefu, kana kwamba kutengeneza kitu ni ushahidi wa kukosa pesa ya kununua kipya. Kwingineko upepo umegeuka. Mwaka 2009 mwandishi wa Uholanzi, Martine Postma, alianzisha Amsterdam mikutano ya Repair Café, ambako wenyeji huleta vifaa vibovu na kuvitengeneza pamoja na mafundi wa kujitolea. Leo ipo katika nchi nyingi. Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria inayowabana watengenezaji wa baadhi ya bidhaa, zikiwemo mashine za kufulia na simu, wazitengeneze zikiharibika hata baada ya muda wa dhamana kuisha. Waliotajirika wanalilia haki ya kufungua kitu. Sisi haki hiyo hatujawahi kuomba ruhusa kuitumia.

Mpaka wa spana

Sifa kuu ya mtu wa Jumamosi si kile anachoweza kufungua, ni kile anachokiacha. Usukani, mfuko wa hewa wa usalama, mtungi wa gesi ya kupikia na umeme wa ukutani havina nafasi ya kujaribu. Breki anaweza kubadilisha pedi, lakini kabla gari halijaingia barabarani lazima jicho la pili, la fundi aliyesomea, lipite. Hairuhusiwi kulala chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Jeki ni ya kuinua, si ya kushikilia. Jiwe si bora zaidi. Hupasuka bila taarifa. Stendi za chuma ndizo zinazofaa, na asiye nazo aiache kazi ya uvungu kwa gereji yenye shimo.

Spea bandia ni mtego mwingine. Iwe imenunuliwa Kirinyaga Road jijini Nairobi, ambayo wazee bado huiita Grogan, au katika duka la jirani, sanduku linalofanana na la asili si ushahidi. Beringi nzuri huzunguka kimya bila kukwaruza mkononi. Maandishi ya chapa yawe safi, na namba iliyo kwenye spea ilingane na iliyo kwenye sanduku. Bei iliyo nusu ya kila duka lingine nayo ni taarifa tosha.

Magari mapya kidogo yameleta changamoto isiyoonekana: kompyuta. Kifaa kidogo kinachochomekwa chini ya usukani na kuunganishwa na simu husoma namba za hitilafu, na siku hizi hata kijijini utakipata. Tatizo ni namna kinavyosomwa. Namba hiyo inasema lalamiko limetoka wapi, haisemi ununue nini. Kihisi cha oksijeni kikilalamika, huenda ni bomba la moshi lililotoboka mbele yake. Asiyejua hubadilisha kihisi, taa inarudi kesho yake, fundi analaumiwa.

Hapo ndipo mazungumzo ya gereji yanapobadilika. Mteja asiyejua huambiwa, mzee, hii injini imeisha, naye hulipa. Mteja aliyewahi kushika spana huuliza mambo matatu bila ukali: kilichoharibika ni nini, kimeharibiwa na nini, na ile spea kuukuu iko wapi niione. Fundi mwaminifu hufurahia maswali hayo, maana yanamtenga na walaghai. Anayekasirika amekwisha jibu.

Shule za sekondari ya chini tangu 2023 zina somo la Pre-Technical Studies, na kilio cha walimu kinafahamika: vifaa hakuna. Lakini elimu ninayoizungumzia haihitaji karakana ya mamilioni. Kila soko la Chepalungu lina injini ya pikipiki iliyokufa, inayouzwa kwa kilo kama chuma chakavu. Injini hiyo moja, meza imara, seti ya spana na mzazi mmoja mwenye ovaroli aliye tayari kutoa alasiri yake vinatosha kumfundisha mtoto kufungua, kupanga nati kwa utaratibu, kutafuta kilichoharibika na kurudisha bila kubakiza hata boliti. Wachache tu kati yao watakuwa makanika. Wote watakuwa wateja, na kamati ya shule inayongoja mgao wa serikali inaweza kuanza na injini hiyo muhula ujao.